Embe Alizovundika Baba

Ko! Ndivyo kinavyolia kifuniko cha chupa ya matunda kinapopoa na kubonyea chenyewe. Hata leo, jikoni kwangu hapa Lindi, nikikisikia huacha ninachofanya.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Kinjumbi. Baba alivundika embe kwenye pipa, akazifunika kwa majani makavu ya mgomba. Siku ya tatu akafa kwa homa. Wageni wa matanga walipoondoka, nyumba nzima ilinuka embe mbivu. Mimi sikulia, wenzangu. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, lakini si wako.

Mama alikuwa ndani, ameanza eda, na tangu maziko hajala cha maana. Kila siku mama mdogo alimpelekea sahani ya wali, akambembeleza, kisha akaila mwenyewe, eti chakula cha msiba hakitupwi.

Asubuhi moja mama aliinuka, akamenya embe zote. Akazichemsha na sukari na ndimu, akazijaza moto moto kwenye chupa kumi na mbili za jamu, akafunga vifuniko. Zilikuwa za futari, kama kila mwaka. Akazipanga mezani, akaketi mkekani amezipa mgongo.

"Mama, kula basi," nilimwambia. Wali ulikuwa umeshapoa.

"Zikishabonyea zote, mwanangu. Ambayo haijabonyea itaoza."

Vifuniko vitano vikalia. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa, kimya. Nikaogopa kwamba mama naye atakufa. Nikanyata hadi mezani, nikavibonyeza vilivyobaki kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Vikakaa chini.

"Mama, tayari zote."

Akageuka, akazitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Haya," akasema. Akanawa, akala wali wote, hata ukoko.

Kabla ya Ramadhani chupa saba zilitoa povu. Mama alizimwaga shimoni bila neno, nami nikashukuru kwamba hakujua.

Sasa nafunga embe mwenyewe, na vifuniko vya kulazimisha nimevibonyeza vingi. Vinalia vilevile, tena kwa nguvu zaidi. Nyumba yetu siku ile ilikuwa kimya, na mama alikuwa hatua tatu tu kutoka mezani. Alivisikia vyote saba. Alijua embe za mwisho za baba zitaoza, akanawa mikono, akala.