Nilimfunga Pantaleo Mara Saba Redioni

Nilimfunga bingwa wa drafti mara saba mfululizo, na drafti yenyewe nilikuwa siijui vizuri.

Hakuniona, wala mimi sikumwona. Yeye alikuwa Masumbwe, mimi nilikuwa kambini nje ya Geita. Kila mtu na ubao wake.

Hii ilikuwa 1997. Kwetu kule hata simu ilikuwa ya kubahatisha, na intaneti tulikuwa tunaisoma magazetini tu. Mtandao wetu sisi ulikuwa redio koli, zile za kuzungumza kwa zamu.

Mimi naitwa Agatha. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mpiga chapa wa kampuni ndogo ya utafiti wa dhahabu, na redio ya kambi ilikaa mezani kwangu. Asubuhi tunatumiana habari za dizeli, mifuko ya sampuli na nani kashikwa na malaria. Ikifika saa kumi na moja jioni kazi zimekwisha, masafa yako wazi, watu wanaanza mambo yao.

Mambo yenyewe ni drafti.

Vyumba vya ubao tulivipa namba, moja mpaka thelathini na mbili. Unatamka tu, "Tisa kwenda kumi na tatu, ova," yaani umemaliza, zamu yake. Mwenzako anakusogezea kete kwenye ubao wake, kisha anajibu. Wenye redio wote, kuanzia Kahama mpaka Ushirombo, wanasikiliza.

Pantaleo ndiye alikuwa mwamba. Redio yake ilikuwa ya parokia, alikokuwa akipokea ujumbe. Alikuwa na sauti ya upole, na alikuwa anakufunga bila kukutambia. Mimi alinifunga Juni nzima na Julai nzima. Drafti nilijifunza kwa kumchungulia baba akicheza, maana wasichana hatukukaribishwa kijiweni.

Dereva mmoja wa Kahama alizoea kuingilia. "Dada wa Geita, acha ubao, nenda kachambue mchele. Ova." Watu wanacheka kila kona.

Iliniuma. Nasema ukweli, iliniuma kuliko ilivyostahili.

Agosti, mtunza stoo wetu Rushabh akarudi kutoka likizo kwao. Baba yake, mzee Mansukhlal, alikuwa na duka la vitambaa Shinyanga mjini. Rushabh alirudi na disketi, akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi. Ndani yake kulikuwa na drafti. Unacheza na mashine yenyewe.

"Hii haichoki, Agatha," akaniambia. "Mimi imenifunga mpaka nimeona aibu."

Sikuwaza mara mbili.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kingi wa kwetu, ile kete iliyofika mwisho wa ubao, anaruka ubao mzima akitaka. Kingi wa mashine alikuwa anatembea hatua moja moja. Nikamwambia Pantaleo nimepata kitabu cha sheria za kimataifa, kwa hiyo tucheze hivyo.

"Sawa, dada Agatha. Wewe ndiye mwenye kitabu. Ova."

Hakuuliza tena.

Basi ikawa hivi. Pantaleo anatamka, mimi naingiza kwenye kompyuta, mashine inajibu, nasoma jibu redioni. Nilijifunza kukaa kimya nusu dakika ili nionekane nawaza. Mara mojamoja naguna.

Mchezo wa kwanza akafungwa. Kisha yule dereva wa Kahama akasema, "Geita, hongera. Ova." Nilifurahi mpaka nikaongeza sauti ya redio.

Tukacheza wa pili, tukacheza wa tatu, kila mchezo ukituchukua karibu wiki nzima. Kufika wa nne furaha ilikuwa imekata, ni kama kuchapa barua tu. Niliendelea kwa sababu kuacha kungehitaji maelezo.

Baada ya wa saba, Pantaleo hakusema tukutane kesho kama kawaida yake.

"Asante, dada Agatha. Umenisaidia kujua. Ova."

Sikuelewa nimemsaidia nini. Nikazima redio nikaenda kuoga.

Wiki mbili zikapita, Masumbwe ikaitika kwa sauti ya mwanamke. Alikuwa dada yake Pantaleo, anaitwa Euphrasia.

"Kaka yako yuko wapi? Ova."

"Yupo nyumbani, anachunga mbuzi. Redio ameacha. Ova."

"Ameacha kwa nini? Ova."

Akanieleza, na wote waliokuwa hewani wakasikia.

Miaka miwili nyuma Pantaleo alikuwa mchimbaji mdogo, na shimo likamporomokea. Jiwe lilimpiga kichwani. Alilala hospitali miezi minane. Daktari akamwambia kichwa kinaweza kurudi sawa, au kinaweza kuisha taratibu, na yeye mwenyewe ndiye atakayejua. Alipopata nafuu aliomba chuo cha ualimu akapata nafasi, aanze Januari. Ila aliogopa kusimama mbele ya watoto wa watu halafu asahau anachofundisha.

Kwa hiyo akawa anajipima kwa drafti. Kila jioni.

"Alisema akiendelea kuwafunga watu wote, basi kichwa kipo, anakwenda chuo," Euphrasia akasema. "Sasa anasema kimekwisha. Barua ya kukataa nafasi ameshaandika. Jumatatu naipeleka posta. Ova."

Nikabonyeza maikrofoni.

"Euphrasia, mwambie si mimi niliyemfunga. Ni kompyuta. Nilikuwa nasoma majibu ya kompyuta. Ova."

Kisha nikaitoa ile disketi kwenye kompyuta.

Kesho yake jibu likaja. "Kaka anashukuru. Anasema una roho nzuri, lakini hataki kuonewa huruma. Ova."

Nilijaribu kulia, hakikutoka kitu. Nikachapa ripoti ya wiki, kurasa nne, bila kukosea hata herufi.

Ijumaa nikaomba ruhusa. Landrova ya kampuni ikanifikisha Ushirombo, Jumamosi nikadandia lori. Mvua za mwaka ule, zile za El Niño, mnazikumbuka. Nilifika Masumbwe mchana, matope mpaka magotini.

Pantaleo alikuwa mrefu, ana kovu kutoka kwenye paji mpaka nyuma ya sikio. Akasimama kunipokea.

"Kumbe ndiye wewe, dada Agatha. Kwa sauti nilidhani ni mtu mnene."

Nikamweleza yote. Disketi, Rushabh, kitabu cha sheria ambacho hakikuwapo. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni aliyetoka mbali.

"Basi tucheze," akasema. "Hapa hakuna kompyuta. Ukicheza kwa kichwa chako nikakufunga, nitakuamini, na barua naichana."

Barua ilikuwa dirishani, imeshabandikwa stempu. Euphrasia akaleta ubao.

Nilikuwa na amani kabisa. Mtu alinifunga miezi miwili mfululizo, nitamshinda kwa lipi?

Tukaanza. Nikamwona Pantaleo anagusa kete, anairudisha, anaigusa tena. Kila alichokiona alikitilia shaka. Alikuwa anacheza huku anajichunga asikosee, na mtu akicheza hivyo anakosea.

Na mimi, kumbe kusoma majibu ya mashine kwa wiki zote zile kulikuwa kumenifundisha bila kujua. Macho yalikuwa yanaona njia zenyewe.

Tulipofika katikati nikaiona. Nikisogeza kete moja tu, nakula tatu, na mchezo umekwisha.

Nilikuwa nimekuja kufungwa kihalali. Na kihalali nilikuwa nashinda.

Nikatazama dirishani. Nikishinda, barua inaondoka. Nikimwachia, namdanganya tena, safari hii tumekaa goti kwa goti.

Nikasogeza kete nyingine.

Akala. Akala tena. Zikabaki kete zangu mbili, hazina pa kwenda. Euphrasia akapiga kigelegele kifupi.

"Umeona, kaka?" nikasema. "Kichwa chako kizima."

Pantaleo hakucheka.

"Umeniachia," akasema.

"Kama umeona nimekuachia, basi si unaona ubao vizuri?"

"Ubaoni sikuona kitu, dada Agatha. Nimeona usoni kwako. Redioni sura haikuwapo."



"Ulinidanganya ulipokuwa unashinda, au umenidanganya leo? Au mara zote?" Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeulizia njia. "Mimi sasa sina namna ya kujua. Nilikuwa na kipimo kimoja tu."

Akamwambia Euphrasia aniwekee chai. Nikanywa. Tukaongea habari za mvua.

Jumatatu barua ikaenda posta.

Pantaleo yupo mpaka leo. Anafuga, ana watoto watano, ualimu hakuwahi kuusogelea. Sijui kichwa chake kilikuwa kizima au la. Yeye naye hajui, na hilo ndilo nililomfanyia.

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita Innocent, mtoto wa kaka yangu, amefungiwa akaunti yake ya gemu ya mtandaoni. Alikuwa anatumia programu inayomwonyesha wenzake waliojificha nyuma ya kuta, anawapiga kabla hawajamwona. Nilipomuuliza hakuona kosa lolote.

"Shangazi, kwani namuumiza nani? Hata siwajui hao watu."

Nikamsimulia habari ya Pantaleo, kisha nikamwambia hapo ndipo penye shida. Humjui. Hujui aliyeko upande wa pili ameuwekea nini huo mchezo. Pengine anapoteza muda tu. Pengine ndio sehemu moja iliyobaki ambapo anajiamini. Wewe unadhani unamchukulia ushindi, kumbe unamchukulia kitu anachojipimia, na siku ukienda kukirudisha hakipokei tena.

Innocent akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama ningekula zile kete tatu, ingekuwaje.

Nina miaka zaidi ya ishirini na tano najiuliza hilohilo. Nikamwambia sijui.