Boga la Baraka

Harufu ya boga linalochemka ikiingia dirishani kwangu hapa Maisaka, huwa nafunga dirisha. Jirani yangu anadhani nina maringo. Simlaumu, maana sijawahi kumsimulia uongo niliousema nikiwa darasa la tatu.

Tuliishi kijijini Sigino, nyumba moja na bibi mzaa baba. Mama alikuwa amefundishwa kupika chakula cha watoto wadogo, kisha akakabidhiwa akina mama wa kitongoji chetu naye awafundishe. Kila Alhamisi walikuja uani kwetu na watoto mgongoni, huyu na konzi ya dagaa, yule na karanga au mchicha, na vyote viliishia kwenye sufuria moja. Mama alikuwa mwalimu hodari, sauti yake ikisikika hadi barabarani. Neno moja tu alilipita haraka haraka: yai.

Kuku walikuwa wa bibi, na bibi aliamini kwamba mtoto akilishwa yai kabla hajaanza kusema, ulimi wake utakuwa mzito. Hapo hapakuwa na mjadala. Na mdogo wangu Baraka, mwenye mwaka na ushee, alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliweza kuruka kamba nikiwa nimembeba. Kila tulipotoka kliniki mama aliitia kadi ya uzito ya Baraka kwenye mkoba bila kuniangalia.

Basi mama akaanza kuchukua yai moja kila siku kwenye kiota kilichojificha nyuma ya ghala. Alilichemsha, akaliponda ndani ya viazi, nami nikamlisha Baraka jikoni, nikiwa nimeupa mlango mgongo. Siku moja bibi akausukuma ule mlango, akaona njano bakulini, akauliza ni nini. Nikasema ni boga. Uongo ulinitoka bila hata kuutafuta.

Baraka akaanza kunawiri. Mashavu yakajaa, akawa anasimama kwa kushika kigoda. Bibi alifurahi kuliko sisi wote, na Alhamisi moja akatoka na kiti chake, akaketi katikati ya akina mama. Akawaambia kwamba mjukuu wake ameponywa na boga, tena boga tupu, asubuhi na jioni. Mama Emanueli, ambaye mwanawe hakuwa na nguvu hata za kulia, alisogea mbele.

"Boga tupu, bibi? Basi na mimi nitampa hilo hilo."

Nilimtazama mama. Nilingoja aseme, maana ndiye mwalimu. Aliinamia sufuria, akaendelea kukoroga. Nilikuwa nimempakata Baraka, nimebanwa na magoti ya wanawake huku na huku, siwezi kuinuka. Nikamwona Mama Emanueli akimfunga mwanawe mgongoni ili aende zake.

"Si boga," nikasema. "Ni yai. Mama anampa yai kila siku."

Hakuna aliyenigombeza. Bibi aliinuka, akabeba kiti chake, akaingia ndani. Kesho yake banda la kuku lilikuwa na kufuli, na kile kiota cha nyuma ya ghala hakikuwepo tena. Mama hakulizungumzia kamwe. Alihangaika na dagaa na maharage, lakini yale mashavu hayakurudi.

Mama Emanueli alikuwa na kuku wake mwenyewe. Emanueli wake sasa anaendesha bajaji hapa mjini, jitu la miraba minne, na akiniona hupiga honi. Baraka naye yupo, mzima, mcheshi, anasema kuliko redio. Ila ananifika begani.

Kwa miaka mingi nilimdharau mama kidogo kwa ukimya wa siku ile, nikidhani alikuwa akimwogopa mkwewe. Nilipozaa wa kwangu ndipo nikaelewa. Pale kwenye sufuria mama alikuwa akipima watoto wawili, wa kwake na wa mwenzake, na mimi nikamchagulia.