Hema la Barafuni Katika Lambo la Terrat

Kaka yangu mkubwa aliporudi kutoka nchi ya baridi alikofanya kazi miaka mingi, alikuja na masanduku yaliyojaa vitu ambavyo sote tulivielewa, na hema jekundu ambalo hakuna aliyelielewa. Lilikuwa hema la kuvulia samaki juu ya barafu. Kule, alitueleza, maziwa huganda mpaka gari likapita juu bila kuzama. Watu hutoboa shimo kwa keekee, husimamisha hema juu ya shimo, huingia ndani, hufunga zipu na kukaa humo kutwa wameshika mshipi.

Mama ameishi maisha yake yote kwenye mteremko wa Mlima Meru, kati ya migomba na kahawa, na hajawahi kula samaki kwa sababu ya harufu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao samaki," aliuliza, "barafu ikiyeyuka hawavuliki?"

"Wanavulika, Mama."

"Sasa haraka ya nini?"

Kaka alisema, kwa heshima zake zote, kwamba anajua Arusha hakuna barafu. Alichotaka ni ziwa la karibu ambalo gari linafika mpaka ukingoni, maana hema na viti vyake vilikuwa vizito na mgongo wake umechoka, na pawe na sehemu tambarare ya kulisimamisha. Kwa kuwa mwenye pikapu ni mimi, na sisi walimu tulikuwa likizo, nikawa dereva.

Alianza kwa kuiuliza simu yake. Simu ilimpa maziwa mazuri sana, yenye sifa nyingi kutoka kwa watu waliofika huko, yote ng'ambo ya bahari. Akaona heri aulize watu. Karibu na kwangu Kimandolu kuna fundi wa magari, akamuuliza wapi mtu anaweza kupata samaki wa kwenye barafu. Fundi alifuta mikono, akatuelekeza vizuri kabisa kwa mama mmoja mwenye friza. "Samaki wa barafu wapo," alisema, "ila muwahi, wanaisha." Kaka alinunua wawili kwa kuona aibu.

Ziwa Duluti ndilo lililo karibu kuliko yote, pale nyuma ya Tengeru tu, lakini limekaa ndani ya shimo la volkano, kingo zake zimesimama na msitu umelizunguka. Gari linabaki juu, na njia ya kushuka ilikuwa na mizizi na matope. Mlinzi alilitazama hema, akatuuliza harusi ni ya nani. Tulikwenda Momella, na huko gari linafika ukingoni bila shida. Ila ni ndani ya hifadhi, maji ni ya magadi, na kuvua ni marufuku. Kaka alikaa kwenye kiti cha mbele akiwaangalia heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wanavyochota chakula majini kwa raha zao, na akakasirika kweli.

Aliyetuokoa ni mwalimu mwenzangu aliyekulia upande wa Terrat. Alisema kwao kuna lambo, bwawa lililochimbwa kwa ajili ya mifugo, ardhi ni tambarare kama meza na pikapu inaweza kuingia hata majini ukitaka. Mwenyekiti wa mtaa alituruhusu kwa simu, akidhani, kama nilivyokuja kujua baadaye, kwamba tunakwenda kupima maji.

Basi tukalisimamisha lile hema, mlango wake wa nyuma ukielekea kwenye maji ya tope. Kitambaa chake kimejazwa pamba kama koti, ili baridi isipenye. Jua la Terrat lilikuwa linawaka. Kaka akaingia, akafunga zipu. Mimi nikakaa kwenye kivuli cha pikapu, usingizi ukanichukua.

Nilipoamka kulikuwa na foleni. Wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wamewafunga punda pembeni, wameweka ndoo chini na kukaa mstari mmoja mbele ya hema, wengine na watoto mgongoni. Mmoja alishika kadi ya kliniki.

"Mnasubiri nini?" niliuliza.

"Chanjo," alisema mwenye kadi.

"Hapa si chanjo. Ni kaka yangu yuko ndani. Anavua samaki."

Walitazamana, kisha wakanitazama mimi kwa huruma.

"Humu hamna samaki," alisema yule wa kadi, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa.

"Anajua."

Bibi mmoja mwenye shanga nyingi shingoni, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, hakuona sababu ya mazungumzo haya. "Mimi ni goti," alisema. Akajiinua kwa fimbo yake, akafungua zipu mwenyewe na kuingia. Nilimfuata ili niombe radhi.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Kaka alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, fulana imemganda mwilini, mshipi mkononi. Bibi alikwisha kukaa kwenye kiti cha pili na kupandisha shuka mpaka juu ya goti.

"Shikamoo, mama," kaka alisema.

"Marahaba. Linaniuma usiku."

"Mimi si daktari, mama."

Nadhani mimi nilishtuka kuliko yeye. Nyumbani kwetu kaka alikuwa daktari. Mama alikuwa amewaambia wanawake wote wa usharika, na sebuleni tuna picha yake akiwa na sare ya bluu katika jengo lenye korido ndefu. Hakuwahi kusema yeye ni daktari. Alisema yuko kwenye mambo ya afya, yaliyobaki tulijaza wenyewe.

"Wewe nani?" bibi aliuliza.

"Nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nawaogesha, nawavalisha, nawakanda miguu."

"Haya. Kanda."

Kaka aliweka mshipi chini. Alilishika lile goti kwa mikono miwili na kulikanda polepole, macho yake yakiwa usoni kwa bibi, si kwenye goti. Sikuwahi kumwona akifanya kitu chochote kwa utulivu ule. Bibi alifumba macho.

"Hao wazee hawana watoto?" aliuliza baada ya muda.

"Wanao."

"Wako wapi?"

"Kazini. Wengine mbali, wengine mtaa wa pili tu."

Bibi alifikiri. "Wangefuga ng'ombe," alisema. "Mwenye ng'ombe mtoto wake haendi mbali."

Nilimuuliza wa kwake yuko wapi. Alisema yuko Dar es Salaam, analinda geti.

Alipotoka aliwaambia wenzake jambo kwa Kimaasai, na foleni haikuvunjika. Mwenye kadi ya kliniki aliingia na bega lake. Kaka alikanda mpaka mchana ukaisha, na mshipi ukateleza ukazama majini bila yeye kujua.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia nisimwambie mama. Nikamjibu kwamba si kazi yangu. Lakini tulipofika, mama akiwa jikoni anamenya ndizi, kaka alivuta kigoda, akasema mwenyewe.

"Mama, kule sikuwa daktari. Nilikuwa naogesha wazee."

Mama aliendelea kumenya. "Wazungu?"

"Wengi wao."

"Wanaume na wanawake?"

"Wote."

"Baba yenu tulimwogesha sisi," alisema, akaninyooshea kisu. "Huyu na mimi. Alikuwa mzito."

"Najua, Mama."

"Hujui. Hukuwepo."

Alisema bila hasira, kama anavyosema mvua haijanyesha. Kaka alichukua ndizi, akamenya naye mpaka zikaisha. Nilikumbuka uzito wa baba.

Mama akaosha mikono. "Maji mlikuwa mnapasha moto?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Kesho uje uniangalie hili bega."

Kesho yake alikwenda, na siku zilizofuata pia. Jumapili moja baada ya ibada nilimsikia mama akiwaeleza wenzake kwamba mwanawe alikuwa anaogesha wazungu huko ng'ambo. Alitumia sauti ileile aliyokuwa akitumia kwa daktari, akaongeza kwamba walikuwa wengi sana na walimtegemea yeye.

Tulirudi Terrat mara kadhaa, kaka akiwa na mshipi mpya na chupa ya mafuta ya kukandia, mpaka kiangazi kilipokaza na lambo likabaki matope yaliyopasuka. Hema likahamia uani kwa mama. Aligundua kwamba linatunza joto, akaweka vifaranga humo. Hakijafa hata kimoja, na mama hulisifia kwa kila mgeni.

Juzi kaka amesikia habari za ziwa upande wa Babati. Anaambiwa gari linafika ukingoni, na samaki wapo kweli. Tunakwenda kuliangalia Jumamosi. Vifaranga tumeshavihamishia jikoni.