Mpango wa Plamen

Mume wangu Radostin hajui kugombana. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Mtu wa namna hiyo nani alimpa kazi ya kuongoza kundi la waandishi wa programu, kila mmoja na ubishi wake? Hakuna aliyempa. Alianzisha mwenyewe programu inayowasomea vipofu kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, akaitoa bure, watu wakaja kusaidia, na mpaka leo anawasuluhisha jikoni kwangu hapa Plovdiv, Bulgaria.

Kwa kuwa hawana bosi, wana desturi yao. Mwenye wazo huliweka kwenye ukurasa wa kundi, na wiki ikiisha bila mtu kupinga, limepita. Mwezi wa tatu Plamen, kijana hodari wa Sofia, aliweka mpango wa mwaka: nguvu zote ziende kwenye simu, kompyuta za zamani ziachwe. Wote kimya. Akaanza kazi.

Jumamosi moja Zdravka, naye wa kundi hilo, akaingia kwetu na fimbo yake. Ni kipofu tangu utotoni, anakanda wagonjwa kliniki, na kompyuta yake kuukuu ndiyo inayomsomea magazeti na barua za dada yake. Plamen alikuwa mezani, banitsa, mkate wetu wa jibini, imemjaa mdomoni.

"Kula, mwanangu, shiba," Zdravka alisema. "Umeshaniua, angalau shiba."

"Shangazi! Nimefanya nini?"

"Kompyuta yangu unaizika, halafu unaniuliza! Nimeambiwa jana tu. Mimi na vipofu wenzangu wa mji wa Ruse tunachukua nakala ya programu, tunakwenda zetu."

Hakuna wa kuwazuia, programu ni ya wote. Lakini watu wenyewe ni wachache. Wakigawanyika, pande zote mbili zitakufa. Nilimwona Radostin akishika ukingo wa meza.

"Mpango ulikaa wiki nzima," Plamen alijitetea. "Si ungepinga?"

"Mpango upi?"

Radostin akafungua ukurasa na kuiwasha programu yao wenyewe. Sauti ikasoma salamu, ikasoma jina la Plamen, kisha ikasema: "Picha." Ikaishia hapo, maana husoma maandishi tu. Plamen alikuwa ameuchora mpango wote, rangi na mishale, mzuri ajabu. Watengenezaji wa programu ya vipofu, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka! Nilitaka kucheka, nikaona uso wa Zdravka, nikaacha.

"Kumbe kwa kunyamaza nilikubali," alisema polepole.

"Zdravka," Radostin akamwambia, "hatutaafikiana yote hata tukikaa hapa mpaka Pasaka. Plamen anataka simu, na vijana vipofu wanazo simu. Wewe unataka kompyuta yako. Tushikane kwenye moja tu: hakuna kinachopita kabla wewe na wenzako hamjakisikia. Mengine tutagombania njiani."

Tutagombania! Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nisamehe, shangazi," Plamen alisema, masikio yamemwiva. Akavuta kompyuta, akaanza kuuandika mpango upya kwa maneno. Chai ilipoa, nikachemsha nyingine. Alipomaliza, mashine ikaanza kusoma. Haikufika mbali.

"Simamisha," Zdravka alisema. "Hapo napinga."

"Haya, shangazi. Kwa nini?"

Zdravka akaegemeza fimbo ukutani, akapapasa kiti, akaketi. Radostin, mtu anayeogopa ugomvi kuliko kifo, alinigeukia macho yamejaa machozi ya furaha.