Jibini ya Mkwe kutoka Goma

Nyumbani kwa Dafroza, huko Kanyosha, maziwa yaliyoharibika humwagwa kwa aibu, kana kwamba ng'ombe mwenyewe ametukanwa. Basi Furaha, mchumba wa mwanawe Arnaud, alipomwekea mezani zawadi ya jibini kutoka Masisi, milimani karibu na kwao, duara la manjano lenye harufu ya viatu vilivyonyeshewa, Dafroza aliamua papo hapo: jioni atamwambia Arnaud amrudishe binti huyu kwao Goma.

"Mama, hii ni maziwa," Furaha alisema. "Inalala miezi na miezi mu nyumba ndiyo inakuwa tamu."

"Na majirani hawasemi kitu?"

Dafroza akammiminia maziwa yake ya mgando, meupe, yaliyolala usiku mmoja tu. Furaha akaonja, akauliza kama kuna sukari.

"Apana, mwanangu. Sukari ni ya chai."

Wakati huo Arnaud, aliyeketi kando ya mchumba wake, alikwishashika kisu. Alimenya ganda la jibini kwa mkono uliozoea, akakata kipande chembamba, akala akiwa amefumba macho. Mambo hayo hakujifunza leo, wala si hapa.

Dafroza akameza maneno aliyoyaandaa. Akaenda jikoni kutafuta sukari, akiidharau kila punje.