Kiraka juu ya Dole Gumba

Mwaka ule wa mgao wa umeme, mama mmoja wa Lubumbashi mwenye saluni hapa mtaani Yeoville aliniahidi ukuta. Si ukuta mzima, ni ile nafasi kati ya kioo cha mwisho na mlango. Wateja wake hukaa saa nyingi wakisukwa, na umeme ukikatika televisheni huzimika, simu huishiwa chaji, wakabaki wamenuna. Alijua kwamba nachora.

"Unitilie hapa kitu cha kuchekesha," aliniambia. "Lakini Jumamosi iwe iko, petit, mdogo wangu. Jumamosi ikipita, naweka kioo."

Nikasema sawa, mama, halafu nikatembea hadi chumbani kwangu, mtaa wa jirani wa Bellevue, nikijilaumu njia nzima. Sikuwa nimewahi kumwonyesha mtu mchoro uliokamilika, kwa sababu sikuwa nimewahi kukamilisha mchoro. Nikifika kwenye mikono, nachana. Uso naweza, viatu naweza, hata mikunjo ya kanga naweza. Mkono ukinitoka vibaya, karatasi yote naiona imeoza.

Kuchora nilijifundisha mwenyewe, na walimu wangu walikuja ndani ya boksi. Mlinzi mmoja wa Bukavu, anayelinda geti kule mtaa wa Observatory, alinipigia simu asubuhi moja akipiga kelele: "Kaka Tanga, kuya mbio! Wazungu wanatupa mapicha kama yako!" Familia ilikuwa inahama, na vitu walivyoviacha vilikuwa kando ya barabara vikisubiri gari la taka. Nilipanda kilima cha kwenda kule mbio hadi nikakosa pumzi. Ndani ya boksi mlikuwa na majarida ya vichekesho ya wakati babu yangu alikuwa kijana: karatasi za manjano, pini zilizoshika kutu, matangazo ya sigara na majiko ya makaa, na mawaziri wenye matumbo yaliyotangulia mlangoni kabla ya wenyewe.

Watu wa rangi yangu nilikuwa nawaona mle wakibeba trei tu. Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Lakini ile mistari! Mstari mmoja wa wino unaanza mwembamba kwenye shingo ya waziri, unanenepa ukifika tumboni, na tayari unajua kwamba mtu huyu ni mwongo. Kuna ukurasa ambao kisanduku kizima ni cheusi tititi, ndani yake macho manne peke yake, nami nilicheka kabla hata ya kujua nacheka nini. Niliunakili ukurasa ule hadi wino ukaniingia kwenye kucha.

Kwa hiyo wazo la ukuta wa mama lilinijia lenyewe, la visanduku vinne bila neno hata moja. Msusi anasuka, wateja wawili wamekaa bega kwa bega. Umeme unakatika, kisanduku cheusi, macho tu. Msusi anaendelea kusuka gizani kwa kupapasa. Umeme unarudi: amesuka vichwa viwili vikawa kimoja. Nilikuwa nacheka peke yangu nikichora. Kwenye kisanduku cha kwanza mikono ya msusi niliificha ndani ya nywele. Ijumaa mchana kilibaki kitu kimoja tu, mkono wake kwenye kisanduku cha mwisho. Nikauchora, nikausogeza mbali niutazame. Dole gumba lilikuwa upande wa kidole kidogo.

Nilishika karatasi kwa mikono miwili, tayari kuichana. Kisha nikaiweka chini, nikasema nitulie kwanza, nisafishe kitu. Mimi nikiwa na wasiwasi husafisha.

Nikachukua kadi moja nene niliyoikuta chini kabisa ya lile boksi. Ilikuwa na waziri mla nyama, mkubwa mara mbili ya wale wa kwenye majarida, nayo imechafuka kwa madoa meupe kama chokaa. Nilikuwa nimeikwepa siku zote kwa sababu ya uchafu wake. Nikalowesha pamba, nikaanza kufuta doa lililo karibu na uma. Badala ya doa kutoka, pembe ya karatasi ikanyanyuka. Kilikuwa kiraka! Nikakivuta polepole. Chini yake mlikuwa na mkono mwingine, mbaya, vidole kama kishada cha ndizi.

Nikapekua majarida kama mwendawazimu hadi nikampata waziri yule yule, amechapwa. Mkono safi. Hakuna kiraka, hakuna chokaa, hakuna chochote. Basi kile nilichokishika kilikuwa mchoro wenyewe, ule uliotoka mezani kwa mchoraji, na mchoraji yule, niliyemwogopa kuliko mwalimu yeyote, alikuwa hawezi mikono! Alikosea, akafuta kwa rangi nyeupe, akabandika, akapeleka kazi. Niliruka hadi jirani akagonga ukuta.

Nikakata kipande cha karatasi, nikachora mkono mpya juu yake, nikaubandika. Gundi ilikuwa kidogo. Sikujali.

Jumamosi mama akautundika mchoro kabla sijabadili mawazo. Wateja wakausogelea. Walipofika kisanduku cha mwisho, mmoja akacheka, kisha wote. Masikio yaliniwaka moto. Halafu dada mmoja mwenye kucha ndefu akasema, "Eish, hapa kuna kitu kimebanduka," akakinyanyua kiraka kabla sijamfikia.

Wote wakainama kuutazama mkono uliokuwa chini yake. Kisha yule dada akageuka, akakunja mkono wake akijaribu kulipeleka dole gumba kule nilikoliweka mimi.

"Huyu ndiye aliyenisuka Krismasi!" akapaza sauti. "Ndiyo maana kichwa kiliniuma wiki nzima!"

Walicheka hadi msusi akaangusha kitana. Kila mtu alikuwa anakunja mkono, hata mama. Nami nilisimama pale mlangoni nikitaka kukimbia na nikitaka kubaki, vyote kwa pamoja, kwa sababu walikuwa wanalicheka kosa langu kuliko kichekesho changu, na sikuona kama nimekufa.

Jumatatu nilikwenda na gundi nzito. Umeme ulikuwa umekatika, na mteja mpya alikuwa ukutani anafunua kiraka, anafunika, anafunua. Pembe yake ilikuwa imeshapata weusi wa mafuta ya nywele. Mama aliiona ile chupa mkononi mwangu, akaja kusimama kati yangu na ukuta.

"Na hiyo ni ya nini?"

"Kurekebisha kidogo tu, mama."

"Rekebisha kwako. Huku watu wanacheka."

Gundi nikarudi nayo Bellevue, mfukoni.