Vipimo Vilivyoshuka Kiunoni

Nakumbuka asubuhi moja hapa Tukuyu, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka dirishani, na mimi nimesimama kwenye chumba cha giza nautazama mkono wa mtu ukijitokeza polepole ndani ya maji ya dawa. Kwanza hamna kitu, kisha vidole, kisha pete. Wewe unayeianza kazi hii leo na mashine zenu za kompyuta hutaiona tena picha ikizaliwa majini, na kwa hilo nakuonea huruma.

Zilikuwa enzi za ruksa. Mitumba ilijaa sokoni, watu binafsi wakaruhusiwa kufungua hospitali, na kituo chetu kikanunua mashine ya eksirei iliyokuwa imeshachoka huko ilikotoka. Watu walitembea kutoka Kisondela na Ikuti kuja kuiona tu, wengine hawaumwi popote. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Shomari, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani akiuza nguo. Alikuwa mpole, ila kwenye kazi hana mchezo.

Kila mmoja wetu alipewa kipimo, kidude kidogo cha plastiki cha kubana kwenye nguo. Kilikusanya kumbukumbu ya miale ya mashine iliyokupata, na baada ya miezi kadhaa kikapelekwa mbali kusomwa. Tulikivaa kifuani, juu ya kila kitu, kwa maringo. Mwenzangu Ambakisye alikwenda nacho hata kanisani. Usicheke. Wasichana walikuwa wanamwita daktari.

Basi nikapata mimba. Ya kwanza ilikuwa imetoka, na watu wakanipa pole mpaka nikachoka kupewa pole. Hii ya pili nikaapa hakuna atakayeijua mpaka ijioneshe yenyewe. Na kwetu, wewe mwenyewe unajua, mimba changa haitangazwi. Lakini tulikuwa tumefundishwa kwamba mjamzito avae kipimo kiunoni, chini ya aproni ya risasi, ile nzito inayozuia miale, ili kioneshe kile kinachomfikia mtoto, na asishike wagonjwa wakati wa kupigwa picha. Ningekishusha, kituo kizima kingejua kabla ya chai ya saa nne. Nikakiacha kifuani. Nikaendelea kuwashika watoto wanaolia mbele ya mashine, nikijidanganya kwamba kile kidude kinanikinga. Hakikingi, mwanangu. Kinapima tu.

Asubuhi hiyo ya ukungu Mzee Shomari akatuita wote.

“Kuanzia leo vipimo vyote kiunoni, chini ya aproni,” akasema. Akatoa chake kifuani, akakibana kwenye mkanda wa suruali. “Na mgonjwa atashikwa na ndugu yake, naye avalishwe aproni. Sisi sote tunasimama nyuma ya ukuta.”

Ambakisye akaangua kicheko. “Mzee, kwani mimi nina mimba?”

“Ukipata, utaniambia.”

Tulicheka sana, na mimi kuliko wote, ili machozi yapate kisingizio.

Baadaye alinikuta kwenye chumba cha giza. Hakunitazama, alitazama picha iliyokuwa majini.

“Binti, mimi sikuulizi kitu,” akasema taratibu. “Ila kunyamaza hakuzuii miale. Ungeniambia, ungekuwa nyuma ya ukuta tangu mwezi uliopita.”

“Ndaga, tata,” nikasema. Asante, baba. Kiswahili chote kilikuwa kimenikimbia. Niliona aibu, na nilikasirika pia, kwa sababu alisema kweli.

Kipimo changu kilipopelekwa kusomwa, niliishi nusu ndotoni. Nikifumba macho namwona mtoto majini, vifupa vyake vinang'aa, na kila nikimsogelea anafifia. Niliogopa hata kumpenda. Majibu yaliporudi, Mzee Shomari aliyatangaza kwa wote kwa sauti ile ile, jina langu katikati ya mengine: wote tuko salama. Nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu mpaka sweta likalowa. Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye kelele, na mpaka leo hajui kunyamaza.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kivae kipimo pale panapotakiwa, si pale panapopendeza. Ukiwa na jambo la kukuumiza, mwambie japo mtu mmoja anayeweza kukusogeza nyuma ya ukuta. Na siku utakapokuwa mkubwa wa kazi, ukaona binti anaficha kitu, usimwite pembeni kumhoji, wala usimuumbue mbele za watu. Kibane chako kiunoni kwanza, wote wafuate, naye apite katikati yenu bila kuonekana.

Mungu akupe mikono mitulivu na jicho linaloona mapema. Akulinde na usichokiona. Na hicho unachokificha leo chini ya kanga, ambacho mimi sikuulizi, akilete duniani kikilia.